Nani Hubeba Mzigo wa Sarufi? Kutoka Kisetla hadi Kalamu Nyekundu

Upo mzaha ambao kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya ameusikia, na yamkini ameusimulia mwenyewe darasani: kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua kilipofika Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Wasikilizaji hucheka, na Mkenya hucheka kuliko wote. Hata hivyo, tukiuchunguza mzaha huu tutaona kuwa hauhusu mawasiliano hata kidogo. Mchuuzi wa Gikomba na mteja wake huelewana. Utingo wa matatu na abiria huelewana, na wakigombania chenji huelewana zaidi. Kinachougua katika mzaha ni upatanisho wa kisarufi: "kitu yangu", "watu mingi", "gari imeisha mafuta". Mgonjwa ni ngeli. Mazungumzo yenyewe ni mazima na yanakwenda sokoni kila siku.

Upande wa pili lipo jibu ambalo mwalimu hurushiwa kila anapothubutu kumsahihisha mtu nje ya darasa: "Aa, mwalimu, bora tuelewane." Jibu hili lina nguvu, na wengi wetu hulinyamazia. Baina ya mzaha ule na jibu hili ndipo mjadala wote wa usahihi wa lugha hukwama. Wako wanaodai kuwa sarufi ni uhai wa lugha, na wako wanaodai kuwa ni pambo la wenye nafasi. Makala hii inashikilia kwamba pande zote mbili zimeruka swali ambalo historia ya Kiswahili nchini Kenya inatuuliza wazi. Ujumbe, kwa kawaida, umefika. Lakini ulipofika, ni nani aliyetoka jasho ili ufike: msemaji au msikilizaji?

Kipimo kilikotoka

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu mwanafunzi hufundishwa "sahihi" na "si sahihi" kana kwamba maneno hayo yaliteremka pamoja na lugha. Kabla ya karne ya 20 kila mji wa pwani ulikuwa na Kiswahili chake kilicho sahihi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, hakumwomba mtu wa Unguja ruhusa ya kutunga. Wamisionari walipoanza kuandika vitabu vya sarufi, kila mmoja aliandika lugha ya mahali alipokaa. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alishughulikia zaidi Kimvita, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Edward Steere alikuwa Unguja, na kitabu chake cha mwaka 1870 kilieleza Kiunguja. Kwa hiyo palikuwa na mapokeo mawili ya uandishi, kila moja na shule zake na Maandiko yake.

Serikali za kikoloni hazikupenda hali hiyo. Kuchapisha vitabu vya shule kwa lahaja mbili ni gharama, na makarani wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walitakiwa wasome waraka mmoja. Mnamo Juni 1928 mkutano uliitishwa Mombasa, ukahudhuriwa na Carl Meinhof, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kibantu, na Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Angalia kejeli ya mahali: Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Kiunguja kilikuwa kimesafiri na misafara ya biashara hadi Ujiji na Kongo, na utawala wa Wajerumani huko Tanganyika ulikuwa umekwisha kukitumia shuleni na ofisini. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zinazotajwa kwa jina lake zilitoka mwaka 1939. Kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule na kuamua ni ipi yenye lugha inayokubalika. Waliokaa katika viti vya Kamati hiyo kwa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu. Waafrika hawakuanza kupewa nafasi humo hadi miaka ya 1940. Mwenye lugha alihukumiwa lugha yake na mtu aliyejifunza ukubwani.

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapohusika moja kwa moja. Mzaliwa wa Mvita husema "ndia" kwa njia, "mato" kwa macho, "kitwa" kwa kichwa, "nti" kwa nchi. Akimwita mwenzake husema "ndoo", na mwalimu aliyetoka bara atatazama huku na huku akitafuta chombo cha maji. Maumbo haya ni ya kale kuliko Kamati, na yana utaratibu wake: penye "ch" ya Kiunguja mara nyingi Kimvita kina "t", na penye "nj" kina "nd". Hii ndiyo sarufi ya Muyaka. Ndiyo lugha aliyoitumia Abdilatif Abdalla alipotunga Sauti ya Dhiki gerezani, alikofungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ndiyo lugha pia ya Ahmad Nassir katika Malenga wa Mvita, iliyotolewa mwaka 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu ambaye hakuchoka kukumbusha kwamba sanifu ni ndugu mmoja tu katika ukoo.

Sasa tazama tunavyofundisha. Mtahiniwa akiulizwa aeleze uhuru wa mshairi, hukariri: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, matumizi ya lahaja. Akikuta "mato" katika ubeti, huandika kuwa mshairi ametumia idhini yake ili kutosheleza arudhi, naye hupewa alama. Mtoto wa Mombasa akiandika neno lilo hilo katika insha, hupokonywa alama. Neno moja, katika karatasi moja ni ufundi, katika nyingine ni kosa. Na katika zote mbili ukweli umepotea, maana mshairi wa Mvita hakuomba idhini yoyote. Alisema kama asemavyo mamake. Kuita hilo uhuru ni sawa na kumsifu mtu kwa ukarimu wa kulala katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini tusivuke mpaka. Kueleza kwamba kipimo kiliwekwa na watu, tena watu wenye maslahi yao, hakumaanishi kuwa hakuna haja ya kipimo. Kamusi, gazeti na mtihani wa taifa vyahitaji maandishi yanayosomeka Lamu na Lodwar. Historia hii inaonyesha jambo dogo tu: kwamba tofauti za lahaja na makosa ya lugha ni vitu viwili, na kalamu nyekundu haijui kuvitofautisha isipofundishwa.

Kisetla, au lugha ya anayesikilizwa kwa lazima

Wakati Kamati ilipokuwa ikipima Kiunguja kwa mizani ya dhahabu, huko bara Kiswahili kingine kilikuwa kikifanya kazi bila mizani yoyote. Katika mashamba ya Nakuru, Kitale na Nanyuki, jikoni kwa walowezi na katika kambi za King's African Rifles, ilisemwa lugha ambayo baadaye wanaisimu waliiita Kisetla, na ile ya jeshini Ki-KAR. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kilichokusudiwa wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Ni ushahidi wa kutosha kwamba mtindo huu ulikuwa umetambulika na kupata soko lake. Sanifu ilikuwa na Kamati. Kisetla kilikuwa na mteja.

Sarufi ya Kisetla yaelezeka kwa maneno machache. Ngeli zimeanguka karibu zote. Viambishi vya nafsi vimeng'oka na mahali pake pamekaa "mimi", "wewe", "yeye". Ukanushi wote umeachiwa neno moja, "hapana": "mimi hapana taka", "yeye hapana kuja". Njeo zimebaki mbili tatu, na "kwisha" linatumikia kila jambo lililopita. Kitenzi husimama aidha katika umbo la amri, "lete", "toa", "fagia", au na ku- yake, "kwenda", "kupiga".

Je, lugha hii iliwasiliana? Iliwasiliana vizuri sana. Chai ililetwa, ng'ombe walikamwa, gwaride liligeuka kushoto. Mtetezi wa "bora tuelewane" hawezi kupata mfano bora kuliko huu. Lakini tuangalie kazi iligawanywa vipi. Mlowezi alisema maneno matatu. Mfanyakazi, Mkikuyu au Mluhya au Mkalenjin, ndiye aliyelazimika kutazama uso, mkono ulioelekezwa, saa ya siku na hasira iliyomo sautini, kisha ayajaze mwenyewe yale ambayo sarufi ingeyasema. Akikosea kuyajaza, kosa lilikuwa lake na mshahara ulikuwa wake. Nafikiri tumekuwa wepesi mno wa kudhani kwamba Kiswahili cha bara kilivunjika kwa sababu Waafrika wa bara walishindwa na ngeli. Kikuyu, Kikamba na Kiluhya ni lugha za Kibantu zenye ngeli na upatanisho kama Kiswahili chenyewe. Msemaji wake hazioni ngeli kuwa kitu kigeni. Aliyeziona ngeni ni bwana wake, na mwajiriwa hujifunza lugha anayozungumziwa.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Kisetla hakikupoteza viambishi ovyo ovyo. Kilibakiza amri na kupoteza ombi. Msemaji wa Kiswahili ana njia nyingi za kumtaka mtu afanye jambo: "lete maji", "niletee maji", "uniletee maji", "naomba uniletee maji", "ungeniletea maji". Kitenzi kikiishia kwa -e, au kikipewa -nge-, msemaji anajishusha hatua moja na kumwachia msikilizaji nafasi ya kukubali. Lugha ya shambani haikuihitaji nafasi hiyo. Haikuihitaji "kama ungekuwa", kwa kuwa mfanyakazi hakuulizwa angependelea nini. Wako hata walowezi ambao hawakupenda mfanyakazi awajibu kwa Kiingereza, kwa vile lugha moja baina ya watu wawili hupunguza umbali. Sarufi iliyopungua ililinda umbali huo.

Athari yake haikuishia Kenya. Kiswahili kilipofika Uganda kwa njia ya jeshi na polisi, kilifika kikiwa kimezoea kuamuru. Idi Amin, aliyelelewa na KAR, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo hilo halikumfanya raia wa Kampala akipende; aliendelea kukisikia kama lugha ya vizuizi vya barabarani. Anayesema kwamba Kiswahili kilifia Uganda asisahau kilivyovalishwa kilipopelekwa huko.

Kiambishi kipi kina kazi?

Baada ya kusema hayo, tuwe waadilifu kwa mtu wa "bora tuelewane", maana hajakosea kabisa. Makosa hayana uzito mmoja.

Chukua sentensi: "Kiti changu kimoja kizuri kimevunjika." Alama ya ngeli ya KI-VI imetokea mara tano. Mtu akisema "Kiti yangu moja mzuri imevunjika", ametuudhi, lakini hakuna tulichopoteza: kiti ni kimoja, ni chake, kilikuwa kizuri, kimevunjika. Upatanisho hurudia habari ambayo nomino imekwisha kuitoa, na kinachorudiwa mara tano chaweza kupotea mara nne bila hasara. Ndiyo sababu Kiswahili cha bara kimeishi miaka yote hii bila ngeli kamili na bado mkulima wa Molo anauza viazi. Ila nomino isipokuwepo, kiambishi huwa ndicho nomino. Mtu akipiga simu na kusema "kimepotea", aliyezoea ngeli huanza kufikiria kitabu, kitambulisho, kisu. Akisema "zimepotea", mawazo huenda kwenye pesa au funguo. Anayesema "imepotea" kwa kila kitu amemrudishia msikilizaji mzigo: lazima aulize, "Nini?"

Kitenzi ni habari nyingine. Hapo hakuna marudio mengi, na kila kiambishi kina kazi yake. "Mgonjwa hajafika" humfanya muuguzi aache mlango wazi. "Mgonjwa hakufika" humfanya afunge faili. Kwa "mgonjwa hapana fika" muuguzi hajui afanye lipi. "Wewe hapana lipa" ni mbaya zaidi. Yaweza kuwa katazo, "usilipe". Yaweza kuwa lawama, "hukulipa". Yaweza kuwa maelezo ya tabia, "hulipi". Watu wamepigana kwa tofauti ndogo kuliko hizo. Na tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, kila mwenye simu ana sababu ya kupambanua "nimetuma" na "nimetumiwa", ambazo tofauti yake ni silabi moja na salio la akaunti.

Halafu yako yale yanayoitwa makosa, nayo yana akili yake. Mwalimu gani hajakwaruza "siendangi" kwa wino mwekundu? Kiambishi hicho cha -nga kimetoka katika lugha za Kibantu za bara, na hueleza mazoea. Sanifu ina hu- kwa kazi hiyo: "mimi huenda". Lakini hu- haina ukanushi wake. Tukikanusha "mimi huenda" tunapata "siendi", umbo lilelile linalokanusha "ninaenda". Kwa hiyo mwanafunzi asemaye "siendangi disko" ametofautisha jambo ambalo sanifu imelichanganya: hasemi kuwa haendi leo, anasema si mazoea yake. Sisemi tuliruhusu neno hilo katika insha. Nasema mwalimu aliyeelewa limetoka wapi na limejaza pengo gani atalisahihisha kwa maneno mengine kabisa kuliko yule anayeona uvivu tu.

Uhuru, Bunge na kicheko

Uhuru ulipopatikana, Kiswahili kilisifiwa majukwaani na kusahauliwa katika ratiba. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964, ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia, na Kiswahili kikabaki somo lisilo na mtihani wa lazima. Kizazi kizima cha Wakenya kilijifunza Kiswahili mtaani, kambini, stendi ya basi na kwenye redio. Haikuwa hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, ndipo Kiswahili kilipolazimishwa na kutahiniwa kutoka msingi hadi sekondari. Wengi wa wale wanaotuambia "bora tuelewane" ni wa kizazi kile cha kati, nao hawastahili kejeli zetu. Hawakufundishwa.

Baina ya tarehe hizo mbili kuna kisa cha Bunge. Mpaka wakati huo mtu hakuweza kugombea ubunge bila kuthibitisha kuwa anajua Kiingereza. Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta akaagiza kwamba lugha ya mijadala iwe Kiswahili. Kwa siku moja mizani iligeuka. Mawakili na wahitimu wa vyuo vya Ulaya walijikuta wakitafuta maneno, ilhali mbunge wa pwani, au yule aliyetokea sokoni na vyama vya wafanyakazi, alisimama bila karatasi. Miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na haukupita muda mrefu kabla ya Kiingereza kurudi mjadalani. Kwa mada yetu, tukio hili linatufundisha kwamba wasomi waliodharau sarufi ya Kiswahili waliidharau kwa muda ule tu ambao wengine ndio waliokuwa wakihangaika kuwaelewa. Mara tu walipolazimika kushawishi wenzao kwa lugha hiyo, sarufi ilianza kuwa na maana.

Nje ya Bunge taifa lilipata njia ya kucheka. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya runinga ya taifa, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza Ojwang', mzee asemaye Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Wanjau mwenyewe hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ilikuwa vazi kama koti lake. Vipindi hivyo vilidumu miaka mingi, na mtazamaji hakuhitaji mkalimani. Kilichochekesha hakikuwa kutoelewana. Ni kwamba kila Mkenya wa bara alimsikia ndani yake jirani, baba mkwe, au sauti yake mwenyewe siku aliyopanda gari la Mombasa kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi anayeandika juu ya mbinu ya ucheshi angefaidika kuuliza: tunacheka pamoja na Ojwang' au tunamcheka Ojwang'? Majibu yote mawili yana ushahidi.

Kizimbani

Mahakama ya vichekesho yatupeleka kwenye mahakama ya kweli, mahali ambapo swali la sarufi si la alama tena.

Mshtakiwa akisomewa shtaka katika mahakama ya Kenya, jibu ambalo humfunga aghalabu ni maneno mawili: "Ni kweli." Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu hadi leo huurejelea. Shtaka na viini vyake vyote visomwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Anachojibu kiandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akiyapinga, kukiri kwake kufutwe na kesi isikilizwe. Katiba ya 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, iliongeza kwamba mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo.

Mtu atauliza kwa nini majaji wasumbuke hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameshtakiwa wizi wa baiskeli. Mmoja atasema: "Ni kweli niliichukua, nilikuwa nimepewa na mwenyewe." Mwingine, ambaye Kiswahili chake ni cha bara, atasema: "Ni kweli mimi kuchukua baiskeli, mwenyewe kupea mimi." Sote tumemwelewa, au tunadhani hivyo. Lakini mwenye baiskeli alitoa ruhusa lini? Kabla haijachukuliwa, au baadaye baada ya ndugu kusuluhisha? "Nilikuwa nimepewa" inajibu swali hilo kwa viambishi peke yake. "Kupea mimi" haijibu. Na katika wizi, kabla na baada ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani na mtu kwenda Kamiti. Karani akikata jibu baada ya "ni kweli", mambo yamekwisha.

Utaratibu wa Adan unavutia kwa sababu haumtaki mshtakiwa arekebishe sarufi yake kwanza. Unaitaka mahakama isikilize zaidi, iulize, iandike neno kwa neno. Shambani mwenye mamlaka alisema vibaya na mnyonge akahangaika kuelewa. Hapa mnyonge anaruhusiwa kusema vibaya, na mwenye mamlaka anaamriwa ahangaike.

Darasani

Tukirudi kwa kalamu nyekundu, sidhani tuipumzishe. Mtahiniwa hupimwa kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu anayemwachia "kitu yangu" kwa huruma anamnyima alama ambazo mwenzake wa shule iliyobahatika atazipata. Lakini hakuna sheria inayotulazimu kuyaeleza makosa yote kwa sauti moja. Katika sekondari majuma mengi hutumika kukariri ngeli, na "hajafika" na "hakufika" hupitishwa mbio katika kipindi kimoja, ilhali hilo la pili ndilo litakalomfuata mwanafunzi hospitalini, kortini na kwenye simu. Ningegeuza mgao huo. Ningeongeza pia mazoezi ambayo vitabu vyetu vingi havina: mwanafunzi apewe "wewe hapana lipa" na kuambiwa aandike maana zote anazoziona, kisha aunde sentensi sanifu kwa kila moja. Darasa likishagundua kwamba sentensi moja ya zamani imezaa tatu, halihitaji tena kuhubiriwa kuhusu viambishi.

Kwa upande wa fasihi, tumezoea kumfundisha mtahiniwa kwamba mhusika akivunja sarufi, mwandishi anaonyesha kuwa hana elimu. Jibu hilo ni jembamba. Mhusika anayevunja sarufi akiwa ameketi kitini, na wengine wamesimama wakimsubiri amalize, si sawa na mhusika anayeivunja akiwa mbele ya meza ya afisa. Wa kwanza hana haja ya kujisumbua. Wa pili anajisumbua kwa nguvu zake zote na lugha bado haimtoshi. David Maillu alipotoa Without Kiinua Mgongo mwaka 1989, akichanganya Kiingereza na Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa, wako waliouona kama uchafuzi. Ukiisoma kwa swali letu, utajiuliza ni msomaji yupi anayelazimika kuvuka daraja, na katika sentensi ipi. Ken Walibora naye, mtu wa bara, alituandikia Siku Njema mwaka 1996 na kumwita mhusika wake mkuu Kongowea Mswahili, jina linalobeba madai mazima: kwamba umahiri wa lugha hii hauna pwani wala bara. Maisha yake ya uandishi, hadi alipofariki Aprili 2020, yaliuaibisha ule mzaha wa lugha inayougua ikifika Kenya.

Limebaki suala la yule mtoto wa Mombasa na "mato" yake. Akiliandika katika insha, nitampigia mstari na kuandika "macho" pembeni, kwa kuwa mtihani ni wa sanifu naye anautaka ufaulu wake. Nitaongeza neno moja kumwambia kwamba amesema Kimvita, wala hajakosea Kiswahili. Akiliandika katika shairi alilotunga mwenyewe, sitaligusa. Na atakapokutana nalo katika ubeti wa Karatasi ya Tatu, aandike kwamba mshairi ametumia lahaja ya Kimvita. Neno "kuboronga" aliachie mahali panapostahili.